Mkungu Upukutishapo Majani

Katika vitabu tulivyosomeshwa skuli mlikuwamo habari za majira ya Ulaya ambayo miti hugeuka rangi na kupukutisha majani, nasi watoto wa Unguja, tusiojua kuugawa mwaka ila kwa pepo na mvua, kaskazi na masika, kipupwe na demani na vuli, tuliyapokea maneno hayo kama tupokeavyo ngano za majini. Walakini uani kwa bibi yangu mzaa mama palisimama mkungu uliokuwa ukitusuta kila mwaka: demani ilipokaribia kwisha, kusi ikalegea na bahari ikalala kama samli sahanini, majani yake mapana yaliingia wekundu wa damu ya mzee, yakaanguka moja moja kwa kishindo kidogo, hata ukadhani mtu anavua viatu barazani.

Bibi akiyafagia kwa chelewa, asikubali hata jani moja litiwe moto, kwani upande wa kisimani, pasipofikiwa na kivuli cha mti ule, ndipo ilipokuwa bustani yake ya asumini, na kwa majani yale alivifunika vitako vya miche, ili jua la kaskazi lije likute udongo umesitiriwa. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuipogoa asumini yote, pasi na huruma kwa macho ya mtoto, maana asumini huchanua katika machipukizi mapya, na anayelionea shamba lake haya hupata majani tele na maua haba. Kisha alitia samadi iliyooza sawasawa, akangoja vuli.

Mtu akitaja shamba katika visiwa hivi, fikira hukimbilia mikarafuu, wala si ajabu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na kitovu cha zao hilo kikavuka mkondo kikahamia huko. Bibi hakuwa na mkarafuu hata mmoja. Lakini fani hizi mbili naziona ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa zote huchuma ua kabla halijafunua uso: karafuu iliyochanua hushuka thamani, na asumini iliyochanua mtini haifiki mbali.

Hayo niliyajua kwa aibu. Siku moja nilipewa kazi ya kuchuma baada ya alasiri, nikakawilia uwanjani kwenye mpira, nikarudi adhana ya magharibi ikilia, maua yamekwisha kufumbuka meupe kama nyota. Nikayachuma yote, nikaona nimefanya jema, kwani hayajapata kunukia vile. Asubuhi yalikuwa na rangi ya chai. Bibi aliyatazama katika ungo, akasema kwa upole, “Baba, haya umejichumia mwenyewe,” na upole huo ulinichoma kuliko bakora.

Tangu hapo nilifahamu, japo polepole, kwamba mkulima wa asumini aghalabu haonji utamu wa kazi yake. Yeye huamka alfajiri kuvuta maji, hung'oa magugu, hupigana na siafu, na jioni mikononi mwake hubaki vitumba vilivyofunga midomo, visivyonukia ila kwa mbali. Mama na dada zangu walikaa jamvini wakavitunga kwa uzi, wengine wakifunga vikuba kwa mrehani na mkadi, na kwa kilua, ambacho harufu yake humfikia mtu kabla ya jicho kukiona. Huku maneno ya nyumbani yakipita juu ya sindano, nani ameposwa, nani amejifungua, bei ya mchele. Kabla ya giza maua yote yalikuwa yamekwisha kutoka kwenda kwa wenyewe. Yangefumbuka huko, katika nywele za bibi harusi au juu ya kitanda cha watu tusiowajua.

Lakini hapakukosa kitumba kilichojificha nyuma ya jani, tukakipita sote. Baada ya isha, taa imeshushwa utambi, kilijitangaza chenyewe uani kote, na bibi, akiwa bado juu ya msala wake, alicheka akasema, “Hilo limewapita.” Nikinyanyuka kwenda kulitafuta, alinizuia kwa mkono.