Kwa Nini MIN Haikuiona D1

Aliyefanya mtihani wa UCE nchini Uganda kabla ya 2024 hahitaji kuelezwa kwamba D1 ndiyo daraja la juu na F9 ni kufeli. Katikati zilipangwa D2, C3, C4, C5, C6, P7 na P8. Katika kilima cha Kibuli, ambako kuna shule ya sekondari na kampasi ya Kampala ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, jambo hilo linajulikana na kila mtu. Hifadhidata hailijui, na hapo ndipo pazuri pa kujifunzia fanksheni za SQL.

Tuunde jedwali la mazoezi, matokeo, lenye watahiniwa watano wa kubuni. Wanne wamepata D1, C3, P7 na F9. Wa tano hakufika, hivyo daraja lake ni NULL, yaani tupu. Tuulize:

SELECT MIN(daraja), MAX(daraja) FROM matokeo;

Jibu ni C3 na P7. Aliyeongoza hayumo, wala aliyefeli. Safu ya daraja ni ya maandishi, kwa hiyo MIN na MAX zimefuata alfabeti: C, D, F, P. Fanksheni haikukosea, imejibu swali tuliloliandika.

Tuichomoe tarakimu, kwa PostgreSQL au Oracle:

SELECT AVG(CAST(SUBSTR(daraja, 2, 1) AS INTEGER)) FROM matokeo;

Soma kuanzia ndani. SUBSTR inachukua herufi moja kuanzia nafasi ya pili, CAST inaigeuza kuwa namba, AVG inatafuta wastani. Moja, tatu, saba na tisa ni 20. Wastani ni 5. AVG imegawa kwa nne kwa sababu huiruka NULL. Vivyo hivyo COUNT(daraja) inatoa 4, ilhali COUNT(*) inahesabu mistari yote na kutoa 5. Ukitaka kumpata asiyefika, andika WHERE daraja IS NULL; alama ya = haitamleta kamwe.

Wapo wanaokimbilia COALESCE ili pengo hilo lijazwe sifuri. Wastani unashuka hadi 4, na kwa kuwa namba ndogo ndiyo bora, asiyefika anaonekana kumpita mwenye D1, na shule inapata sifa isiyoistahili.

Tangu UCE ya 2024, mtaala mpya unatumia herufi A hadi E. Hapo MIN inapata daraja bora kwa bahati tu, na SUBSTR haina tarakimu ya kuchomoa. Dawa si kurefusha fanksheni bali kuongeza jedwali la pili, madaraja, ambamo kila daraja lina uzito wake:

SELECT AVG(d.uzito) FROM matokeo m JOIN madaraja d ON d.daraja = m.daraja;

Edgar Codd, aliyependekeza mfumo wa majedwali mwaka 1970, aliliweka wazo hilo kuwa la kwanza katika kanuni alizochapisha 1985: taarifa zote ziwe thamani ndani ya majedwali. Mwalimu akianza na aina za data na NULL, wanafunzi watajifunza fanksheni upesi. Akianza na orodha ya fanksheni, watapata majibu mengi yasiyo na hitilafu yoyote kwenye skrini, na yasiyo ya kweli.