Tisa au Sita? Namna ya Kuipima Wokitoki Masii

Boksi la wokitoki husema kilomita 10. Mengine hupanda hadi maili 35, na muuzaji hukusomea tarakimu hiyo kwa sauti ya mtu anayeapa. Si uongo mtupu. Aliyepima alisimama mlimani, mwenzake akasimama mahali peupe anapomwona, na katikati hapakuwa na mti wala bati. Masii hatuishi hivyo. Kando ya lami ya Machakos kwenda Kitui kuna maduka ya mawe yenye paa za mabati, na ukitoka hapo kidogo ardhi inapanda na kushuka, mashamba yamekatwa matuta ya fanya juu, hadi chini kwenye mto wa mchanga. Anayeelewa kwa nini matuta yale yalichimbwa ameshaelewa nusu ya somo hili. Nchi yetu ni ya miteremko, na mawimbi ya redio hizi hufika pale jicho linapofika, yakizidi ni kidogo tu.

Hesabu yake ni fupi. Chukua urefu wa antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Jibu ni kilomita hadi upeo wa redio. Antena ikiwa mita 1.5 kutoka chini, usawa wa mdomo, upeo ni kilomita 5. Watu wawili kwenye tambarare isiyo na kitu, 10. Ndizo hizo kilomita za boksi! Ondoa kinachomezwa na miti, nyumba na kilima, unabaki na 2 au 3, na katikati ya soko unaweza kukosa hata moja. Lakini panda kilima cha mita 100 juu ya bonde, upeo wako unafika 41. Wati haziwezi kukununulia hilo. Kutoka wati 1 hadi 4 unapata, mahali peupe, umbali mara mbili tu. Kilima kikikaa katikati, hata huo hupati.

Ndiyo maana nikiletewa redio naangalia antena kwanza. Kwenye VHF, karibu na megahezi 150, robo ya wimbi ni sentimita 50. Kile kijiti kifupi cha mpira ni springi iliyokunjwa ili redio itoshee kiunoni, na ufupi huo unaulipia kwa umbali. Kwenye UHF, karibu na megahezi 450, robo ya wimbi ni sentimita 17, kwa hiyo antena fupi haikupunji sana. VHF huvumilia zaidi mgongo wa ardhi. UHF hupenya vizuri milangoni na madirishani. Mlinzi wa ghala achukue UHF. Wanaotafutana mashambani wachukue VHF na antena ndefu, hata kama inawachoma mbavuni. Na ukiongea, itoe redio kiunoni uisimamishe wima, kwa sababu mwili wa binadamu unameza mawimbi.

Kisha sauti, na hapa ndipo wengi hudanganyika dukani. Redio yoyote husikika vizuri ng'ambo ya kaunta. Mimi humtuma mpwa wangu ashuke hadi mtoni, nami nibaki karibu na lami, nimsomee namba nikichanganya tisa na sita. Maneno hayo mawili yana herufi zilezile, na spika mbovu huyageuza kuwa neno moja. Siku moja nilisema "magunia tisa" nikajibiwa, "Mjomba, sita au tisa?" Nikarudia mara tatu. Mchakacho haukuwa mkubwa, ila "s" zote zilitoka kama upepo. Alipopanda hatua chache tu kutoka ukingoni, sauti ikanyooka. Redio ileile, betri ileile.

Kuna kile kirekebisho cha kunyamazisha mchakacho. Kikikazwa sana, redio inakaa kimya kwa adabu huku sauti dhaifu ya mwenzako ikizuiwa mlangoni. Kilegeze kabla ya kusema haifiki. Betri nayo ipime: washa redio asubuhi uiache hadi jioni, ukiongea mara kwa mara. Kusikiliza hula umeme kidogo, kuongea hula mwingi, kwa hiyo betri iliyochoka humfanya mtu asikie kila kitu naye asisikike. Kitufe cha kuongelea kibonyeze kwa kidole chenye vumbi. Kikinata dukani, kitanata zaidi kwenye vumbi la Agosti.

Jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia lilitumia redio SCR-536 ya Motorola, kilo 2 na zaidi mkononi, na ilihesabiwa kufika maili 1 nchi kavu. Naupenda uaminifu huo.

Simu inafika mbali zaidi, hilo halina ubishi. Lakini kwenye mazishi yenye magari mengi, wokitoki humfikia kila mwenzako kwa kubonyeza mara moja, bila salio, hata mlingoti wa simu ukizimika. Kila mwenye redio kwenye masafa hayo anasikia pia, basi habari za pesa usizitaje. Na masafa yenyewe hutolewa kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Redio kuweza kuyashika si ruhusa ya kuyatumia.

Usilipe kabla ya kushuka nayo mtoni. Tisa ikifika ikiwa tisa, nunua. Ukiulizwa mara ya pili, irudishe kwenye boksi lake la kilomita 10.