Mlango Ambao Mississippi Masala Haiuonyeshi

Ukipita mtandaoni wikendi yoyote hutakosa picha ya Denzel Washington na Sarita Choudhury wakiwa wamekumbatiana, na chini yake watu wakilia kwamba mapenzi kama hayo hayaigizwi tena. Sibishani nao. Mississippi Masala, filamu ya Mira Nair ya mwaka 1991, ni tamu, na ile simu wanayopigiana usiku, kila mtu kitandani kwake, inatosha kukufidia bando. Lakini nimeitazama mara tatu sasa, na kila mara swali moja linanikaa kooni. Hawa Wahindi waliingiaje Mississippi? Naulizia makaratasi: viza ilitoka wapi, na kwa sheria gani?

Kwa ambaye hajaiona: Jay ni wakili wa Kampala, mzaliwa wa Uganda, anayefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na mkewe Kinnu na binti yao Mina. Wanapitia Uingereza, kisha tunawakuta Greenwood, Mississippi, wakiishi kwenye moteli ya jamaa zao. Kinnu anauza duka la pombe. Jay anaandikia serikali ya Uganda barua baada ya barua akidai nyumba yake. Mina, miaka 24, anasugua vyoo vya moteli na hana mpango wa chuo (kwa hilo namwelewa sana, mimi mwenyewe niliacha kampasi njiani). Siku moja anaigonga gari ya Demetrius, kijana Mweusi mwenye biashara ya kusafisha mazulia. Mengine unayajua.

Sehemu ya Kampala ndiyo bora kuliko zote. Rafiki wa utotoni, Okelo, ndiye anayemwambia Jay kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika, Waafrika Weusi, na Jay anaubeba usemi huo kama jipu kwa miaka 18. Nair anaelewa kwamba kufukuzwa na dikteta kunauma, lakini kuambiwa uende na mtu uliyecheza naye mpira kunauma zaidi. Shida ni kwamba filamu inamwachia Amin uovu wote. Ukiitazama peke yake utadhani ubaguzi wa makaratasi ni wazimu wa jenerali mmoja. Sisi Wakenya tunajua vingine, ama tunafaa kujua. Mwaka 1967, miaka mitano kabla ya Amin, Bunge letu lilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na wengi waliobanwa walikuwa Wahindi wenye pasipoti za Uingereza. Walipoanza kupanda ndege kwenda London, Uingereza ikapitisha sheria yake ya 1968, kwa siku tatu tu, ikisema pasipoti yetu pekee haitoshi, tuonyeshe mzazi au babu aliyezaliwa huku. Mwenye babu wa Kiingereza alipita. Mwenye babu wa Gujarat akabaki nje na pasipoti ileile mkononi. Mwaka huohuo serikali hiyohiyo ilipitisha sheria nyingine ya kukataza ubaguzi wa rangi kwenye nyumba na kazi. Yaani ukishaingia hatukubagui, lakini mlangoni tutakuchuja kwa rangi.

Rudi sasa Greenwood. Nair angeweza kuwaweka wahusika wake mji wowote wenye moteli. Akawaweka mji ambao wanaharakati wa haki za kiraia walipigwa na kufungwa wakiandikisha Weusi kupiga kura, mji ambao mwaka 1966 Stokely Carmichael alisimama mbele ya umati akapaza mwito wa Black Power. Emmett Till, mtoto wa miaka 14, aliuawa mwaka 1955 karibu na hapo. Na filamu haisemi lolote kuhusu hayo. Mji unakuwa joto, kuku wa kukaanga na barabara ndefu.

Hapo ndipo swali langu la viza linapoingia. Kwa muda mrefu mtu kama Jay hangekanyaga Marekani kuishi. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya Bhagat Singh Thind, Mhindi aliyekuwa amehudumu katika jeshi la Marekani, ikasema yeye si mweupe kwa maana ya mtu wa kawaida, kwa hivyo hawezi kuwa raia. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya 1924 iliyogawa nafasi kulingana na asili za watu waliokuwa tayari Marekani. Wenye asili ya Uingereza na Ujerumani wakajazwa nafasi. Waasia wengi wakafungiwa kabisa. Hata sheria ilipolegezwa mwaka 1946, India yote ilipewa nafasi kama 100 kwa mwaka. Mia moja. Hiyo ni matatu saba za kumi na nne.

Na kuna kipengele kimoja cha sheria hiyo ya 1924 ambacho nikikifikiria nasimama kabisa. Kwenye kuhesabu asili za Wamarekani, sheria iliagiza kwamba wazao wa watumwa wasihesabiwe. Walikuwa mamilioni, wamelima pamba ya nchi hiyo kwa vizazi, lakini kwenye hesabu ya nani azae nafasi ya nani, walitolewa. Wangehesabiwa, Afrika ingepata fungu kubwa. Kwa hivyo wakati babu za mtu kama Demetrius wananyimwa kura Mississippi, kutohesabiwa kwao kulikuwa pia kunafunga mlango wa Mombasa na Lagos. Mistari hiyo miwili, wa kura na wa viza, ulichorwa na kalamu moja.

Ndiyo maana ilifutwa kwa pamoja. Sheria ya Haki za Kiraia ilipita 1964. Agosti 1965 Rais Johnson akatia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Oktoba 3 mwaka huohuo, chini ya Sanamu ya Uhuru, akatia sahihi sheria mpya ya uhamiaji iliyoondoa mgao wa asili na kusema viza ya uhamiaji isitolewe kwa ubaguzi wa rangi, jinsia, uraia au mahali pa kuzaliwa. Ilikuwa vigumu kusema bungeni kwamba rangi haifai kumzuia mtu kupiga kura Alabama lakini inafaa kumzuia ubalozini. Waliopigwa virungu Greenwood ndio waliotengeneza hali iliyomwezesha jamaa wa Jay kununua moteli Greenwood.

Nair alijua. Alipokuwa akifanya utafiti wa filamu hii alienda kuzungumza na Mahmood Mamdani, msomi aliyefukuzwa na Amin mwaka 1972, na baadaye wakaoana. Mamdani alikuwa amepelekwa Marekani kusoma mwaka 1963. Mwaka 1965 alipanda basi na wanafunzi wenzake kwenda Alabama kuandamana, akatiwa ndani. Akampigia balozi wa Uganda. Kwa simulizi yake mwenyewe, balozi alimuuliza kwa nini anaingilia mambo ya ndani ya nchi ya watu, naye akamjibu kwamba hii ni vita ya uhuru ileile iliyoisha juzi nyumbani. Mwambie mtu yeyote anayeandika skripti kwamba unayo stori hiyo sebuleni halafu huitumii!

Badala yake tunapata kichekesho. Wahindi wa moteli wanapoogopa kwamba Demetrius atawashtaki kwa ile ajali, wanaenda kumbembeleza kwamba sisi wote ni watu wa rangi, tushikamane. Ukumbi unacheka, na ni haki ucheke, kwa sababu wanasema uongo. Ila walichosema kwa unafiki kilikuwa ukweli wa kisheria, na hakuna mtu kwenye filamu anayejua hivyo, hata Demetrius. Baadaye anapomkabili Jay na kumwambia kwamba ngozi zao zimepishana hatua chache tu, anaongea kuhusu rangi kana kwamba rangi ni hisia. Sentensi moja tu kuhusu mwaka 1965 ingempa nguvu ambayo hata Denzel hakuweza kuitoa usoni.

Mtu atasema naidai filamu ya mapenzi iwe lekcha. Sidai lekcha. Nadai deni litajwe, kwa sababu deni lisilotajwa hupotea, na sheria yenyewe inaendelea kupekuliwa upya. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilikubali marufuku ya Trump iliyozigusa Somalia, Yemen, Iran na nchi nyingine. Walalamishi walikitaja kile kipengele cha 1965. Mahakama ikajibu kwamba kipengele kinahusu kutolewa kwa viza, si kuruhusiwa kuingia. Jaribu kumweleza mama wa Eastleigh tofauti hiyo. Januari 2020 Tanzania nayo ikafungiwa ile bahati nasibu ya viza, hiyohiyo ambayo vijana wengi wa hapa hujaza kila mwaka saiba kwa siri, hata wale wanaosema hawataki kwenda. Marufuku iliondolewa mwaka uliofuata. Na mwana wa Nair na Mamdani, Zohran, aliyezaliwa Kampala mwaka filamu ilipotoka, alipokuwa anawania umeya wa New York mwaka 2025, mbunge mmoja alitaka anyang'anywe uraia. Alishinda, lakini ombi lenyewe lilishatolewa, kwa sauti, bila aibu.

Mwisho wa filamu Jay anapata barua ya mahakama na kurudi Kampala. Anakuta Okelo alishakufa. Anaiacha kesi ya nyumba, anajikuta kwenye umati wa watu wanaocheza ngoma, mtoto asiyemjua mikononi, na uso wake unalegea kwa mara ya kwanza tangu 1972. Ni tukio zuri mno, nililia. Ila Nair anamwacha palepale. Hatumwoni akirudi kwa Kinnu, hatumwoni kwenye foleni ya uwanja wa ndege akimkabidhi ofisa pasipoti, na ofisa akiinua macho kumtazama.