Bwana Katika Rangi za Mafuta

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, Frans Hals akiwa mmojawapo, walizoea kumchora bwana peke yake mbele ya kiza, nuru ikiangukia uso na kola nyeupe. Mali yake haionekani ila katika ubora wa nguo.

Desturi hiyo ilimfikia hata mtu wa pwani yetu. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ilitia nanga New York ikitoka Unguja. Mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, akachorwa na Edward Mooney kwa rangi za mafuta; picha imehifadhiwa Salem, Massachusetts. Kazi ni njema. Mooney hakumfanya mgeni kuwa kioja: kilemba ni kilemba, uso ni wa mtu mwenye heshima zake.

Lakini mwalimu wa Kibiti anayeionyesha picha hii darasani hana budi kuuliza: pembe na karafuu zilizojaa ngamani zilibebwa na nani? Nyumba za mawe za Unguja zilidariwa kwa boriti za mikoko, hata upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti. Na nyingi zilitoka delta ya Rufiji kwa majahazi. Mkata mikoko, aliyezama matopeni hadi magotini, hakuitiwa mchoraji.

Basi wanafunzi wamchore wao, na kwa mtindo ule ule wa Hals: peke yake, kiza nyuma, nuru usoni, shoka mkononi.