Souvenirs: John Prine alivyozirekodi upya nyimbo zake

Albamu ya zilipendwa kwa kawaida haimtoi mwimbaji jasho. Kampuni hufungua ghala lake, huchagua nyimbo zilizovuma, huzisafisha sauti na kuzirudisha sokoni. John Prine, mtunzi na mwimbaji wa folk na country wa Marekani, nyimbo zake zilishatolewa hivyo mara mbili: Prime Prine ya Atlantic mwaka 1976, na Great Days ya Rhino mwaka 1993. Souvenirs ya mwaka 2000 ni kazi ya namna nyingine. Nyimbo zake 15 ni za zamani, ila zote aliingia studio akaziimba upya.

Kurudi studio kulikuwa na mambo mawili. Kwanza ni suala la umiliki. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: haki ya utunzi na haki ya rekodi yenyewe, yaani masta. Prine alikuwa mtunzi, lakini masta za miaka ya 1970 zilikuwa za kampuni kubwa. Sheria ya Marekani inakataza kunakili sauti iliyomo kwenye masta. Haikatazi wimbo uleule kupigwa upya. Mikataba ndiyo humfunga msanii asirudie wimbo, na kifungo hicho kwa kawaida ni cha miaka kadhaa tu. Prine aliporekodi upya, masta mpya zikawa za Oh Boy, kampuni aliyoianzisha na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Pili ni sauti. Mwaka 1998 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya shingo, na baada ya matibabu sauti ikawa nzito, yenye mikwaruzo. Ikabidi ashushe kii za nyimbo zake. Kwa mpiga gitaa anayetumia vidole hiyo si kazi ndogo: gumba linadunda besi kwa kupokezana nyuzi huku vidole vingine vikichukua melodia. Kodi zikibadilika, nyuzi zinazolia wazi nazo hubadilika, na wimbo hupata rangi nyingine. Prine mwenyewe alisema kii mpya zilimfanya azione nyimbo zake kama mpya.

Sikiliza Hello in There, simulizi ya mzee ambaye watoto wameshaondoka nyumbani na siku zake zimejaa upweke. Kwenye albamu yake ya kwanza, ya 1971, anaimba kijana wa miaka ishirini na kitu, na tunasikia huruma yake kwa wazee. Kwenye Souvenirs mwimbaji amevuka hamsini na ametoka kuuguzwa. Maneno ni yaleyale, lakini sasa ni mzee mwenyewe anayeongea.

Albamu ya 1971 inabaki kuwa ya lazima, na Souvenirs haiifuti. Lakini kati ya mikusanyo yake, hii ndiyo bora. Na wewe mwanamuziki unayesaini mkataba leo, soma kwa makini kifungu cha kurekodi upya: hicho ndicho kitakachoamua kama nawe utaweza kufanya alichofanya Prine.