Sikio la Fundi wa Sauti

Mji wa Timau, kwenye barabara ya kutoka Nanyuki kwenda Meru, humpokea mgeni kwa upepo. Upepo huo huteremka kutoka mlimani, hupita juu ya mashamba ya ngano na shayiri, kisha hugonga mabati ya maduka kana kwamba unadai deni. Msimu wa kuvuna viazi, magunia hupangwa kando ya barabara yakiwa yamevimba vichwa. Gunia likishajaa, halifungwi. Hushonewa kipande kingine juu, viazi vikaongezwa hadi likapata umbo la mtu aliyevaa kilemba. Wakulima na madalali huliita mukorino, kwa jinsi linavyofanana na muumini wa dhehebu la Akorino aliyefunga kitambaa chake cheupe kichwani.

Mpita njia ataona viazi. Mwandishi wa hadithi akilisikia neno hilo, atasimama. Ndani yake mna mzaha, mna dini, na mna dhuluma ambayo kila mtu sokoni ameizoea. Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Mukorino hupita kilo 100 bila shida, na mkulima hulipwa kwa gunia. Mwandishi akizidi kuuliza, ataelezwa habari za Shangi, kiazi kinachopendwa kwa kuwahi kukomaa shambani na kuwahi kuiva jikoni. Shangi huwahi pia kuchipua. Mwenye Shangi ghalani hawezi kukaa miezi akingojea bei ipande. Dalali analijua hilo, na mkulima anajua kwamba dalali analijua. Basi hapo tayari pana watu wawili wanaohitajiana bila kupendana, na siku zinawahesabia. Kisa kimejileta chenyewe, kikiwa kimebebwa na tabia ya kiazi.

Kusimama na kuuliza namna hiyo ni nusu ya ufundi wa mtunzi wa hadithi, ile nusu ambayo msomaji haioni. Wengi huzungumzia ilhamu kama mvua: hunyesha kwa mwenye bahati, ikamkosa jirani yake. Lakini historia ya uandishi katika miji inayouzunguka Mlima Kenya inasimulia mambo tofauti kidogo, na shahidi wake mkubwa alizaliwa mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka soko hilo la Timau.

David Dominic Mwangi, ambaye wasomaji wanamjua kwa jina la Meja Mwangi, alizaliwa Nanyuki mnamo Desemba 1948. Nanyuki ya wakati huo ilikuwa mji wa walowezi, na mashamba makubwa ya Wazungu yalitapakaa kuelekea Timau na Laikipia. Mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa familia za Wazungu. Mtoto wa mfanyakazi wa nyumbani hupata elimu isiyo na cheti: huijua nyumba kubwa kupitia mlango wa nyuma, humjua bwana kwa namna anavyotajwa jioni kwenye vibanda vya wafanyakazi, na hujifunza mapema kwamba kila neno lina wanaoruhusiwa kulisikia na wasioruhusiwa.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Mwangi hakuwa ametimiza miaka minne. Hesabu hiyo ina uzito, kwa sababu mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 25, alichapisha Carcase for Hounds, riwaya inayomfuata Jenerali Haraka na wapiganaji wake wa Mau Mau katika msitu wa Mlima Kenya huku wakiwindwa na Kapteni Kingsley. Vita vyenyewe alivipitia akiwa mtoto mdogo. Baridi ya msitu, mianzi iliyolowa, njaa, jeraha linalooza bila dawa, yote hayo alilazimika kuyajenga kutokana na mlima aliokua akiutazama na masimulizi ya watu wazima waliomzunguka.

Miaka mingi baadaye alirudi tena kwenye kipindi hicho, safari hii kwa kimo cha mtoto. Katika Little White Man, kitabu cha mwaka 1990 ambacho baadaye kilitolewa upya kwa jina la The Mzungu Boy, Kariuki ni mtoto wa mpishi katika shamba la mlowezi, na Nigel ni mvulana wa Kizungu aliyetoka Uingereza. Wanakuwa marafiki, wanaingia msituni kuwinda, na vita vinawakuta huko. Mwajiri mwenyewe anaitwa Bwana Ruin. Msomaji wa Kiswahili hulipata jina hilo masikioni kabla ya machoni: linasikika kama jina la Kizungu lililopita vinywani mwa wafanyakazi, likatoka likiwa na maana ambayo mwenyewe asingeipenda. Tafsiri ya Kijerumani ya kitabu hicho ilishinda tuzo ya fasihi ya vijana ya Ujerumani mwaka 1992.

Kati ya utoto wa Nanyuki na vitabu hivyo kuna kazi moja ambayo wanaomsifu Mwangi huitaja kwa haraka na kuipita. Mapema katika miaka ya 1970 alikuwa fundi wa sauti jijini Nairobi, akifanyia kazi shirika la utangazaji la Ufaransa, ORTF. Fundi wa sauti ni mtu wa ajabu kidogo. Wenzake wote wanamtazama anayezungumza. Yeye anasikiliza pikipiki iliyo mbali, upepo unaopuliza kipaza sauti, kikohozi cha mtu aliye pembeni. Analipwa kusikia yale ambayo wengine wamezoea kutoyasikia. Tena hana ruhusa ya kusema lolote wakati kazi inaendelea.

Ukizisoma riwaya zake za mjini ukiwa na picha hiyo akilini, zinafunguka kwa namna nyingine. Kill Me Quick ya mwaka 1973 inawafuata Meja na Maina, vijana wawili waliomaliza shule wakaja Nairobi na vyeti vyao, wakaishia kulala vichochoroni. Jina la kitabu limeokotwa mtaani, kwani hivyo ndivyo wanywaji walivyoiita pombe haramu ya chang'aa. Going Down River Road, iliyotoka mwaka 1976, inapanda pamoja na jengo: Ben na Ocholla ni vibarua katika ujenzi wa ghorofa, na kadiri ukuta unavyokwenda juu, maisha yao yanazidi kukaa palepale chini, kati ya zege, chumba kinachovuja na baa ya Karara Centre. Katika The Cockroach Dance ya mwaka 1979, Dusman Gonzaga ni msoma mita. Vibarua, watoto wa mitaani, msoma mita: kila mmoja ana msamiati wake, ana adui yake kazini, na ana saa yake ya kuchoka. Mazungumzo yao yanakwenda kwa kukatizana na kutaniana, kama watu wasiojua kwamba wanarekodiwa.

Ndiyo maana neno utafiti, likitumiwa kwa mtunzi wa hadithi, linahitaji kupunguziwa suti na tai. Maktaba ina nafasi yake. Lakini mwandishi anayetaka kumweka mhusika katika soko la Timau leo atafaidika zaidi akijua nani anashona mdomo wa gunia, kwa sindano ya namna gani, analipwa kwa siku au kwa gunia, na mvua ikianza anakimbilia wapi. Itambidi ajue pia kwamba mlima ulio mbele ya mhusika huyo una majina kadhaa. Mmeru mzee atauita Kirimaara, Mkikuyu atauita Kirinyaga, Mmaasai aliyeleta mbuzi kutoka upande wa Mukogodo atauita Ol Donyo Keri, na kondakta wa matatu atasema tu "mlima". Mwandishi akiwapa wote jina moja, atakuwa amewanyang'anya sauti kabla hawajafungua mdomo.

Wengine wamelazimika kusafiri ili wasikie. Elspeth Huxley, binti wa walowezi aliyekulia Thika, alikwenda Nyeri mwaka 1937, akakaa huko akiwasikiliza wazee wa Kikuyu. Kilichotoka ni Red Strangers ya mwaka 1939, riwaya inayosimulia kuja kwa Waingereza kutoka upande wa waliofikiwa. Wasomaji wengi Wakenya humsoma kwa shaka, nao wana haki: alisikia alichosikia akiwa amekaa upande wenye serikali. Hata hivyo wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walikuwa wanagusia jambo ambalo mtunzi analijua. Mwenyeji amezoea. Yule aliyezaliwa Timau huenda akapita kando ya mukorino miaka 30 bila kujiuliza kwa nini limeitwa hivyo, mpaka mgeni amuulize.

Safari nyingine ya Nyeri ilikwenda kwa nia tofauti. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, walipokuwa wakijiandaa kuandika tamthilia yao kuhusu mpiganaji wa Mau Mau Dedan Kimathi, walikwenda Karunaini, nyumbani kwa shujaa huyo, wakazungumza na watu waliomfahamu. Kumbukumbu rasmi zilikuwa zimejaa mwindwa: jangili aliyekamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Karunaini walimkuta mtu mcheshi aliyependa watu, na wakakuta wanakijiji wasiokubali kwamba amekufa. Serikali ya kikoloni ilimzika bila kuwaonyesha watu wake kaburi, na kijiji kikaugeuza ukimya huo kuwa hoja. The Trial of Dedan Kimathi ilichapishwa mwaka 1976, na wasomaji wa Kiswahili wakaipata kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kabla yake, mwaka 1969, P. M. Kareithi alikuwa ameandika riwaya ya Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau, akaiita Kaburi Bila Msalaba. Kilio cha kaburi kilikuwa kinasikika nchini, na waandishi walikisikia kila mmoja kwa wakati wake.

Upande wa pwani mambo hayakuwa tofauti. Adam Shafi alipoandika Kuli, iliyotoka mwaka 1979, mgomo wa wachukuzi wa bandarini Zanzibar mwaka 1948 ulikuwa tukio lililoandikwa katika taarifa za serikali. Taarifa huhesabu waliogoma. Riwaya ilibidi ijue gunia linavyoelemea shingo.

Lakini kusikia mengi kuna hatari yake. Mwandishi aliyekaa sokoni wiki tatu hurudi na daftari lililojaa, na kila mstari unamlilia atumie. Akiutii mlio huo wote, atamfanya mkulima wake aeleze kanuni za uzani ukurasa mzima wakati mtoto wake anaumwa. Hapa ndipo ufundi unapouma: kuchuma shamba zima, kisha kupika sufuria moja. Msomaji wa Going Down River Road hafundishwi kuchanganya zege. Anaona tu mikono inayojua kazi, akaamini yaliyobaki.

Nanyuki pana somo la wazi kuhusu jambo hili, nalo hutolewa mchana kweupe kando ya bango la ikweta. Kijana huchukua jagi la maji, bakuli lililotobolewa na njiti mbili za kiberiti. Huwaongoza watalii hatua kadhaa kaskazini, maji yakazunguka upande mmoja. Huwarudisha kusini, yakazunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe yanateremka wima. Watu hupiga makofi, wengine huondoka na cheti. Wanasayansi wanasema nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia huzungusha dhoruba kubwa baharini, lakini ni ndogo mno kwa bakuli. Kinachoamua ni jinsi maji yanavyomiminwa na jinsi bakuli linavyogeuzwa. Hata hivyo tazama anavyofanya kazi. Hatua zimehesabiwa. Njiti zinaelea mahali ambapo kila jicho litaziona. Anamwita mtalii mmoja ashike jagi, ili awe shahidi. Uongo wake umesimama juu ya vitu vya kweli: maji, mstari, njiti, jua la adhuhuri. Mtunzi yeyote wa riwaya angeweza kusimama nyuma ya kundi hilo na kujifunza kimyakimya, kisha akalipa kama wengine.

Na Timau haijaishiwa visa. Mapema mwaka 2011, ndovu dume aliyepewa jina la Tony alipita chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kupitia handaki lililojengwa ili ndovu waweze kutembea kati ya msitu wa Mlima Kenya na nyanda za Ngare Ndare na Lewa bila kukanyaga lami wala kuvunja nyua za wakulima. Njia yao ya urefu wa kilomita 14 hivi inapita katikati ya mashamba makubwa, likiwemo Kisima, shamba linalojulikana kwa kuzalisha mbegu za viazi zilizoidhinishwa.

Usiku, lori lililosheheni magunia yenye vilemba hunguruma juu ya handaki hilo. Dereva amewasha redio asisinzie. Utingo wake amejilaza juu ya mzigo, amejifunika turubai, anaombea kusiwe na kizuizi cha polisi huko mbele. Chini yao ndovu wanapita polepole, gizani, mmoja akigusa ukuta wa zege kwa mkonga wake kama anayesoma.