Bango la antibayotiki limemsahau nesi

Umewahi kukaa kwenye benchi la zahanati ukasubiri mpaka ukamaliza kusoma kila kilichobandikwa ukutani? Mimi nimewahi, tena mara nyingi. Huku Bugarama, Halmashauri ya Msalala, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, foleni inakupa muda wa kusoma. Na mabango ya antibayotiki ni kama yameandikwa na mtu mmoja: usitumie dawa bila kuandikiwa na daktari, maliza dozi, usimgawie mwenzako. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, kwenye wiki ya dunia ya uelimishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tunayarudia hayo hayo.

Leo nataka kulikosoa bango hilo. Sisemi kwamba ni la uongo. Kasoro yake ni kwamba linaongea na watu wawili tu, mgonjwa na daktari, wakati vijijini kwetu unaweza kuingia zahanati na kutoka na dawa bila kuonana na daktari hata mmoja. Unayeonana naye ni nesi.

Tuanze na sababu ya kujali. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa watoto wenye maambukizi kwenye damu. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi walifariki kwa asilimia 43.5. Wenye malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Na pale bakteria walipokuwa sugu kwa dawa aliyopewa mtoto, hatari ya kifo iliongezeka. Kwa hiyo usugu si hadithi ya kesho. Mtoto anapewa dawa, dawa haifanyi kazi, na muda unakwisha.

Sasa njoo kwenye chumba cha nesi. Mama ameingia na mtoto mwenye homa na kikohozi. Nesi anampima malaria kwa kile kipimo cha haraka. Hakuna malaria. Mama anauliza: "Sasa nesi, mwanangu anaumwa nini?"

Hapo ndipo pagumu. Kipimo kimesema mtoto hana nini, hakijasema ana nini. Nje kuna watu thelathini. Mama ametembea kutoka mbali, na ukimrudisha mikono mitupu atapitia duka la dawa. Amoksilini ipo kabatini. Wewe ungefanyaje?

Tunajua wengi wanafanyaje. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za wagonjwa zaidi ya laki tano kutoka nchi kadhaa, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulikuta kwamba waliopimwa wakakutwa na malaria walipewa antibayotiki kwa asilimia 40. Waliokutwa hawana malaria walipewa kwa asilimia 69. Yaani kipimo kizuri kabisa kilipunguza matumizi mabaya ya dawa za malaria, halafu tatizo likahamia kabati la pili. Bango ukutani halimsaidii nesi hapo, maana mama hakuomba dawa kinyume cha sheria, na nesi si mjinga.

Duka la dawa nalo lina historia yake. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Maduka hayo yaliruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki, na wengi wa waliofundishwa kuuza humo walikuwa wauguzi wasaidizi. Kwa hiyo ukimkwepa nesi wa zahanati, huenda nyuma ya kaunta unamkuta mwenzake.

Kuna mstari mwingine wa bango unaonisumbua: "maliza dozi". Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Uingereza liliandika kwenye jarida la BMJ kwamba ushahidi wa kuwa kuacha dawa mapema ndiko kunakoleta usugu ni mdogo, na kwamba kadiri bakteria wa mwilini wanavyokaa na dawa muda mrefu, ndivyo walio sugu wanavyopata nafasi ya kubaki na kuzaana. Lakini usikimbie na hilo! Kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama sana wachimbaji, lazima dozi yake ikamilike. Na mtu aliyenunua vidonge vinne kwa sababu hela imeishia hapo ana tatizo jingine kabisa. Haya ni mambo matatu tofauti, na maneno mawili ukutani hayawezi kuyatenganisha. Wa kuyatenganisha ni mtu anayekukabidhi dawa. Wewe mgonjwa, usijikatishie dozi mwenyewe, muulize yeye.

Najua pingamizi: "Nesi ana kazi nyingi, mnamwongezea nyingine." Ni kweli, na ndiyo maana siungi mkono semina za kumwambia nesi "awaelimishe wagonjwa" halafu aachwe na foleni ile ile. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Mbeya na Morogoro. Vituo 20 vilipewa programu ya kwenye kompyuta ya mkononi inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vichache vya ziada na usimamizi. Vituo vingine 20 viliendelea kama kawaida. Kwenye vile vya kawaida watoto wagonjwa walipewa antibayotiki kwa asilimia 70.1. Kwenye vile vyenye programu, asilimia 23.2, na watoto hawakupona vibaya zaidi. Hapo wahudumu walipewa kitu cha kushika, hawakupewa mahubiri.

Na kitu cha kushika si lazima kiwe kompyuta. Mwongozo wa matibabu ya watoto unamtaka mhudumu amhesabie mtoto mwenye kikohozi pumzi kwa dakika moja nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi miaka mitano akifikisha 40, anashukiwa nimonia na antibayotiki ina kazi. Akiwa chini ya hapo, kifua hakibonyei ndani na hana dalili nyingine ya hatari, kikohozi hicho kwa kawaida hakihitaji antibayotiki.

Inahitaji dakika moja na saa yenye mshale wa sekunde. Ningeulizwa, hilo ndilo ningeliandika kwenye bango jipya, na ningelibandika upande wa nesi. Nawe ukimpeleka mtoto mwenye kikohozi, kabla ya kuuliza utapewa dawa gani, uliza kwa upole: "Nesi, tunaweza kumhesabia pumzi?"